Kioo cha Rangi ya Machungwa

Dukani, Lindi
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Naipokea kabisa shikamoo yako ya kesho, kwa sababu najua asubuhi itakuwaje: mama yako atakuwa anafungua sanduku alilokwisha kulifunga, shangazi yako atakuwa anasoma dua kwa sauti, utingo atakuwa anapiga ubavu wa basi, na wewe utaniamkia mbiombio. Nami nitaitikia huku nimegeukia mizigo ili usinione uso. Basi hilo tulimalize hapa, tukiwa tumetulia wote wawili.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako nikirudi nyumbani. Uisome leo leo. Usiondoke nayo bila kuisoma, maana mwisho wake una jambo la kesho asubuhi, na likikupita ndiyo limekupita.

Mambo ya sweta, na maji ya kuchemsha, na kutoazimana kanga na kila mtu, mama yako ameyamaliza. Songea ina baridi, wanasema. Mimi nimefika Masasi tu, tena nilirudi upesi, kwa hiyo sina la kuongeza, na ningeongeza mngenicheka. Nimekaa chumba cha nyuma, mlango wa duka nimeurudisha nusu, kuna kitu nakisubiri kikauke. Mpiga picha maisha yake yote ni kusubiri vitu vikauke, ndiyo maana wengi wetu tuna maneno mengi.

Nataka tuzungumze habari za mabaka yako. Najua utaguna. Tangu ukiwa darasa la pili hapajapita mtu asiyekuwa na la kusema juu ya ngozi yako, na mimi baba yako nimesema machache kuliko hata wauza samaki wa sokoni. Mimi nilipiga picha tu. Sasa unakwenda kuishi na watu ambao hawajapata kukuona, unakwenda kujifunza ualimu, kazi ya kutazamwa kutwa nzima, na sipendi uondoke ukidhani baba yako alikuonea aibu. Wala siwezi kukuandikia kwamba hakukuonea. Ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu.

Baka la kwanza lilitokea gotini, dogo kama punje ya hindi. Mama yako akasema ni utangotango, akalisugua ndimu mpaka ukalia. Likatokea la pili vidoleni, kisha pembeni mwa mdomo. Wenye huruma wakasema ni mbalanga. Wasio na huruma walisema jina jingine, na hawakulisema mbele yetu, lakini ukoma ni neno ambalo mtu hulisikia hata likisemwa nyuma ya ukuta.

Miaka ile ndiyo watu wa mashamba walikuwa wakisogezwa kukaa pamoja, nyumba kwa mistari, shamba la pamoja, duka la ushirika katikati. Bibi yako, aliyekuwa amezoea kukaa na mikorosho yake huko nyuma ya Mchinga, akajikuta ana majirani kushoto na kulia. Hakuwa na ugomvi na siasa, alikuwa na ugomvi na ile mistari. "Zamani jirani alikuwa mbali mpaka umwite," alikuwa akisema. "Sasa anamhesabia mjukuu wangu mabaka yuko barazani kwake."

Sikukuu moja tulikwenda kumsalimu. Ulikunywa maji kwa kata ya jirani, na yule mama alipoipokea akaenda kuisugua kwa majivu, hapo hapo, mbele yetu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema kweli, ingawa kweli yenyewe sikuwa naijua bado. Nikasema, "Huyu aliungua uji."

"Uji?" akaniuliza. "Gotini, na vidoleni, na mdomoni?"

"Alikuwa anacheza."

Ulikuwa umesimama ubavuni kwangu, ukaninyanyulia macho. Shule zilipofunguliwa mwalimu wako alikuuliza, nawe ukasema uji, na mama yako aliponisimulia nikaona tumevuka salama. Kumbe nilikuwa nimekuongezea mzigo. Mabaka ulikuwa nayo tayari, sasa na uji wangu ukawa wako kuubeba, tena uukumbuke vizuri kila mtu mpya akiuliza, usije ukasema leo uji na kesho chai.

Aliyetutoa hapo ni yule daktari mrefu, mtu wa Bukoba, aliyeletwa hospitalini hapa akiwa bado kijana. Sijui kama unaikumbuka siku ya kwanza. Alikuambia ufumbe macho, akakugusa baka kwa kipande cha pamba. "Wapi?" Ukaonyesha. Akagusa lingine kwa ncha ya sindano, lingine kwa maji ya moto kidogo, lingine kwa maji baridi, na kila alipokugusa ulijua ni wapi na ni nini. Kisha akanigeukia.

"Bwana Athumani, baka la ukoma halisikii. Haya yanasikia kila kitu. Hii ni mbalanga, haiambukizi na haimwui mtu."

Nikakaa kwenye benchi. Wewe ukamwuliza daktari kama sasa ni zamu yangu kuchomwa sindano.

Alisema ipo dawa ya kujaribu, unapaka kisha unakaa juani kidogo. Ila ngozi nyingine huitikia dawa ile na nyingine huungua bure, na macho peke yake hayafai kuamua. Mtu anaamka leo anaona baka limepungua, kesho anaona limekua, kumbe ni lile lile. "Wewe una kamera," akaniambia. "Nipigie picha kila mwezi. Mahali pale pale, mwanga ule ule, umbali ule ule, na rula pembeni ya baka. Picha ndizo zitakazoniambia niendelee au niache."

Mwanangu, nilirudi dukani natembea kifua mbele. Tangu nianze kazi hii nilikuwa natakiwa na mabibi harusi na watu wanaotaka picha za kadi ya chama. Siku ile nilitakiwa na daktari. Nikapaka rangi nyeupe sakafuni mahali pa kuweka miguu ya kamera, na nyingine mahali pa kigoda chako. Ndizo zile alama ambazo wateja huzikanyaga na kuuliza ni za nini, nami hujibu kwamba ni za ufundi.

Sasa nikueleze kosa lilivyokuwa, maana wewe ulikuwa mtoto na uliona mwisho wake tu.

Kazi hii nilifundishwa na Bwana Karim, ambaye watu wake walikuwa na duka kwenye mtaa huu tangu enzi za babu yake. Nilianza kwa kumfagilia, nikaishia kuwa mkono wake wa kulia. Alinifundisha kwamba mtu haji studio kuonekana alivyo, anakuja kuonekana anavyotamani, na picha nzuri ni ile ambayo mama wa mtu ataibusu. Alikuwa na kijisanduku cha vioo vya rangi vya kuweka mbele ya lenzi, na kile alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha rangi ya machungwa. Ukikiweka hicho chunusi zinafifia, makovu ya ndui yanalala, ngozi inatoka laini kama ya mtu asiyejua shida. Lindi nzima imepita nyuma ya kioo kile. Katibu wa ushirika, ambaye uso wake unaujua, ametoka pale kijana. Baada ya miaka sikuwa hata naamua tena kukiweka, mkono ulikuwa unakifuata wenyewe kama mguu unavyofuata ndara mlangoni.

Ndivyo nilivyokupiga. Sikukusudia kumdanganya daktari, wallahi. Lakini nisikuandikie nusu. Mara ya pili nilipoisafisha picha na kuona baka la goti limefifia, nilijua moyoni kwamba kioo kilikuwepo mbele ya lenzi. Nilijua kwa muda mfupi tu, kisha nikaacha kujua. Nikaitundika ikauke, nikaitazama, nikaipenda.

Daktari akaipenda pia. Akasema dawa imeshika, ukae juani zaidi kidogo. Picha iliyofuata ikampendeza kuliko ile, akaongeza tena. Ukawa unakaa uani kwenye mkeka umenyoosha miguu, mama yako anakuletea madafu, na ngozi ikaanza kuwa nyekundu, kisha ikafanya malengelenge. Mama yako akaniuliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia dawa inayochoma ndiyo inayoponya. Sijui nilikuwa nimelitoa wapi neno hilo. Nilikuwa nazitazama picha zangu kuliko nilivyokutazama wewe, na picha zangu zilikuwa nzuri.

Kisha ukaja dukani siku ile umetoka shule, unachechemea. Ukapandisha mguu juu ya kigoda, ukaichukua picha iliyokuwa mezani ukaiweka pembeni ya goti lako, ukavitazama vyote viwili, taratibu, kama mtu anayenunua kitambaa.

"Baba, goti la kwenye picha limepona."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Langu bado."

Ulikuwa huna hasira. Ulikuwa unanipa habari tu. Nikafunga duka mchana ule ule, nikakubeba mgongoni mpaka hospitali, ingawa ulikuwa mkubwa wa kubebwa na ulinung'unika njia nzima kwamba wenzako wanakuona. Mkononi nilikuwa nimeshika kijisanduku cha Bwana Karim.

Daktari alikichukua kile kioo, akakiweka kwenye jicho lake, akatazama goti lako. Kisha akanipa nami nitazame. Baka lilikuwa limefifia hivi, karibu kwisha, na malengelenge juu yake yamefifia pamoja nalo. Nikakishusha kioo, vyote vikarudi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Bwana Athumani," alisema, "ukiniletea picha ya kumpendezesha mtoto, mimi nitaitibu picha. Na anayeungua ni mtoto."

Nimesikia hotuba nyingi katika miaka hii, za redioni na za viwanjani. Hakuna maneno yaliyowahi kuniingia kama hayo.

Alikufunga goti, akasimamisha dawa. Kisha akapekua vile vioo, akakitoa cha buluu, akaniuliza kama nimewahi kukitumia. Nikamwambia sijawahi. Bwana Karim aliniambia kwamba cha buluu kinaanika kila kasoro ya ngozi, na kwamba nikimchukia mteja nimpige na hicho. Daktari alicheka mpaka akakaa. Akasema Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa ipo taa ya zambarau, ukimmulika nayo mtu kwenye giza mabaka yanang'aa, hata yale ambayo jicho halijayaona bado. Sisi taa ile hatuna. Lakini kioo cha buluu, akasema, kitatusogeza karibu yake.

Tulikwenda kupiga siku ya pili yake, alama zile zile za rangi sakafuni. Nilipoitia karatasi kwenye dawa chini ya taa nyekundu, ngozi yako ikaanza kutokea, ikakolea, ikawa nyeusi tii, na mabaka yakabaki meupe, kingo zake wazi kabisa. Na mengine yakatokea ambayo sikuwa nayajua. Shavuni. Nyuma ya mkono wa kushoto. Chini ya shingo. Nilisimama mle gizani nikiitazama karatasi inaogelea kwenye beseni, nikiwa na hamu ya kuitupa.

Mama yako alipoiona aliifunika kwa upindo wa kanga yake. "Umemfanya nini mtoto?"

"Sijamfanya kitu. Ndivyo alivyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na lilikuwa neno jepesi kuliko nilivyodhani. Uji ulinisumbua zaidi.

Picha za buluu zilimwonyesha daktari kwamba dawa haikuwa imeshika hata mwanzo, na kwamba mabaka yalikuwa yanatembea. Akasema tuache kukuchoma, tutazame. Tukatazama. Kila baada ya miezi ulikaa kwenye kigoda chako, na yale yaliyokuwa yamefichika kwenye picha yakatokea kweli kwenye ngozi, moja baada ya jingine. Mikono yote miwili, mdomo, nyayo. Halafu siku moja, ukiwa umeanza sekondari, daktari akazipanga picha mezani, ya zamani na mpya, akapima kwa rula, akapima tena, akasema, "Yamesimama." Mwaka uliofuata yakawa bado yamesimama. Kisha yeye akahamishwa mkoa mwingine, na siku ya kuaga alikuja hapa dukani, akapigwa picha bila kioo, kwa ombi lake, akatoka na pua yake kubwa yote.

Hukupona. Nimekuandikia hivyo kwa sababu wapo watakaokuuzia kupona, huko unakokwenda kama hapa. Mtu akikuletea dawa, muulize kwanza ataijuaje kama imefanya kazi. Akianza kukusimulia habari za shangazi yake, ondoka. Hilo ndilo agizo langu moja tu katika barua hii, nalo limeniponyoka.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ungedhani mtu aliyeambiwa maneno yale hospitalini amekwisha jifunza. Mimi nilijifunza upande mmoja tu. Nikawa na kamera mbili: moja ya daktari, yenye kioo cha buluu, inayosema kweli, na picha zake zinakaa ndani ya bahasha. Nyingine ya watu, yenye kioo cha machungwa, na picha zake zinakaa dirishani.

Mlipotoka unyagoni, kungwi wenu aliwaleta wote hapa kupigwa picha, kama desturi ilivyo. Mlikuwa mmependeza, kanga mpya, shanga, mafuta yanang'aa mabegani. Mimi nikawapanga. Nikasema warefu wasimame nyuma, nikakushika bega nikakupeleka nyuma pamoja nao. Wewe hukuwa mrefu, Somoe. Kungwi alinitazama, nikajifanya nashughulika na kamera. Mikono yako ikapotea nyuma ya kanga ya mwenzako, na mdomo wako ukapotea nyuma ya kichwa chake. Nikaweka kioo cha machungwa, nikapiga.

Picha ile niliitundika dirishani. Kina mama wa mji mzima walipita wakiwaonyesha watu binti zao. Siku moja ukasimama pale nje na kikapu cha sokoni, nikatoka.

"Baba, mimi nimo?"

"Umo."

"Wapi?"

Nikaweka kidole kwenye kioo cha dirisha. Chini ya kidole changu palikuwa na paji la uso na nywele kidogo.

"Aa," ukasema. "Kweli nimo." Ukaenda zako sokoni.

Tangu siku ile hujalitazama dirisha langu. Unadhani sijui. Unapita hapa kila siku, na ukifika mlangoni unageuza shingo upande wa pili wa barabara, kwa fundi cherehani, kana kwamba nguo zake zimekuwa za ajabu ghafla. Binti za watu wote wamekaa kwenye dirisha lile, wengine mpaka wamezeeka humo. Wewe mimi sijakuweka. Nilijiambia nakukinga na midomo ya watu. Lakini wewe midomo ya watu ulikwisha kuizoea zamani. Aliyekuwa hajaizoea ni mimi, na aliyekuwa amejificha nyuma ya mtoto mwenzako siku ile alikuwa baba yako. Nimeona aibu mwanangu, na aibu yenyewe nimeibeba kwa muda mrefu, na leo naiweka chini.

Ulinitangulia kwa kila kitu. Unaukumbuka mstari wa sukari, pale duka la ushirika, yule mama mgeni alipokuuliza mikono yako imefanya nini? Mimi nilikuwa nimekwisha fungua kinywa, uji uko kwenye ulimi. Wewe ukamjibu bila hata kugeuka sawasawa. "Ni mbalanga, mama. Haiambukizi. Sogea, mstari unakwenda." Akasogea. Akakushikia hata kikapu chako ulipokuwa unatafuta kadi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba mtoto huyu amemzaa peke yake.

Huko Songea watakuuliza. Wanafunzi wako ndio watakaokuuliza wa kwanza, maana mtoto swali halimkai tumboni. Ukitaka kujibu ujibu, usipotaka ugeukie ubao, mikono yenyewe itakuwa na chaki kama ya mwalimu mwingine yeyote. Ila uji wangu uuache hapa Lindi. Na siku ukipanga watoto kwa picha, au kwa mstari wa asubuhi, ukaona mmoja mfupi amejipeleka nyuma, wewe utajua la kufanya. Sina haja ya kukufundisha.

Leo mchana ulipokuja kupigwa picha za chuo, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kijisanduku. Uliuona kabla yangu.

"Baba, acha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nitafika kule na uso wangu. Picha isije ikafika na wa mtu mwingine."

"Na cha buluu?"

"Cha buluu ni cha daktari," ukasema, na tukacheka wote, na nikapiga ukiwa bado na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo, pale baka lilipo.

Kisha nikakuomba ukae tena, moja zaidi, ya kamera kubwa. Ukanikumbusha kwamba filamu siku hizi ni adimu na nisiipoteze. Nikakuambia ni kumbukumbu ya mama yako. Ukakaa, ukaweka mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine, vidole wazi, bila kuambiwa. Nilikutazama kwa kitambo kupitia lenzi isiyo na kitu mbele yake. Nimepiga picha watu wengi katika maisha yangu, Somoe. Sikumbuki kama nimewahi kumtazama mtu hivyo na nisitamani kumrekebisha.

Mama yako nitamchapia nyingine. Hiyo kubwa ndiyo ninayoisubiri ikauke, na sasa nikiigusa pembeni naona imekauka. Katibu wa ushirika nimekwisha kumtoa dirishani. Alikaa mahali pale miaka mingi na ujana wake wa machungwa, na akija kuuliza nitamwambia ameshachoka kusimama. Mabibi harusi nimewasogeza pembeni. Leo mbao za dirisha siziweki, acha lilale wazi.

Kesho mwombe utingo akupe kiti cha upande wa madukani. Basi likitoka stendi kuelekea Mingoyo lazima lipite hapa, na pale kwenye mashimo litapunguza mwendo. Usimtazame fundi cherehani. Tazama dirisha langu, na safari hii hutahitaji kuniuliza wapi.

Umo katikati.

Baba yako,
Athumani